Mashine Iliyommeza Baisoni Wangu

Nilikuwa nimeazimia kuyapa makumbusho haya nyota moja, na huenda mwishoni nikabaki na hiyo hiyo moja, lakini sina budi kueleza kwanza kilichonipeleka. Sikwenda kutazama bunduki wala matandiko ya farasi, maana huku kwenye tambarare za Nebraska majumba ya kumbukumbu za walowezi walioelekea magharibi si haba. Nilifuata senti bapa. Unatumbukiza sarafu mbili za robo dola pamoja na senti moja, unazungusha mpini, na rola mbili za chuma zinaibana senti ile mpaka inatoka nyembamba, yenye umbo la yai, ikiwa na picha mpya juu yake. Wamarekani wana mchezo huu tangu maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, nami uliniingia miaka kadhaa iliyopita na haujanitoka.

Mashine yao ina picha nne: gari la turubai linalokokotwa na maksai, garimoshi, baisoni (yule nyati wa Marekani), na tarishi wa Pony Express, ile huduma ya posta iliyodumu miezi 18 tu na ambayo, kwa nilivyoona siku hiyo, ilikuwa ya kutegemewa kuliko mashine yenyewe.

Senti nilikwenda nazo mwenyewe, zote za kabla ya mwaka 1982, kwa kuwa hizo ni shaba karibu tupu, ilhali za baadaye ni zinki iliyopakwa shaba juu juu, na zikibanwa hutoa michirizi myeupe inayoharibu picha. Nilikuwa nimezisugua kwa ndimu na majivu, kama bibi yangu alivyosugua masinia yake ya shaba. Tatu zilitoka vizuri mno. Ya nne, ya mwaka 1974 niliozaliwa, niliiweka makusudi kwa ajili ya baisoni. Mpini ulizunguka nusu, ukakwama, na haukwenda mbele wala nyuma tena. Anayekusanya vitu hivi atanielewa: picha tatu kati ya nne si seti, ni kidonda.

Nilikwenda kaunta, nikasalimu, nikaeleza kwa upole. Mhudumu hakuinua macho. Alisema mashine si yao, ni ya kampuni nyingine, na namba ya simu imebandikwa ubavuni. Nilirudi nikainama kuitafuta, nikakuta karatasi iliyochubuka hadi tarakimu zimefutika. Nilipomweleza hilo, ndipo akanitazama, akasema, "Bwana, hiyo ni senti moja tu."

Senti moja tu! Hatua chache kutoka kaunta hiyo, ndani ya kabati la kioo, kuna msumari mmoja ulioliwa na kutu, umewekewa taa yake na aya nzima ya maelezo, wala sikumsikia mtu yeyote akisema kwamba ni msumari tu. Tena nchi yenyewe iliacha kutengeneza senti za matumizi ya kawaida mnamo Novemba 2025. Nilidhani watu wanaolipwa kutunza vitu vya kale wangekuwa wa kwanza kuzionea huruma.

Nikiwa nyumbani, hasira zimepoa kidogo, niliitoa ile ya gari la turubai nikaiweka chini ya taa. Picha imekaa katikati, imezama sawasawa, na pembe za maksai zinaonekana moja moja. Sijapata senti bapa iliyochongwa vizuri namna hiyo popote pengine. Nikasema basi, nyota mbili, pengine hata tatu, kwa kuwa mhudumu mmoja si makumbusho yote.

Kisha nikakumbuka kwamba senti yangu ingali mle ndani, kati ya zile rola, na kwamba siku fundi atakapoulegeza ule mpini, mtoto wa mtu asiyejua lolote atauzungusha na kuondoka na baisoni wangu. Nyota moja. Na hiyo ni ya maksai.