Deki ya Blu-ray iliyokataa diski za harusi baada ya sasisho

Deki hii ya Blu-ray niliinunua Kariakoo miaka mitatu iliyopita, na mpaka mwezi wa tano mwaka huu sikuwahi kuijutia. Picha yake ni safi, haipigi kelele inapozungusha diski, droo yake hufunguka bila kukwama, na husoma CD za nyimbo, DVD, Blu-ray na mafaili yaliyo kwenye flashi. Jina la mtengenezaji nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa yaliyonipata yanaweza kumpata mwenye deki ya kampuni yoyote, ilimradi imeunganishwa na intaneti. Ninachopima hapa ni namna deki inavyohudumiwa na walioitengeneza baada ya kutoka dukani.

Nyumbani kwetu deki bado ina kazi. Filamu mpya tunaziangalia kwenye simu kama watu wengine, lakini harusi, mahafali na maulidi ya ukoo wetu tangu mwaka 2006 yamo kwenye DVD zilizochomwa na wapiga video wa mtaani, diski nyeupe zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, thelathini na nne kwa hesabu yangu. Katika mojawapo marehemu mama anaonekana akimchomekea dada yangu asumini kwenye nywele huku akimnong'oneza maneno mawili matatu, na sauti yake hiyo sina mahali pengine popote.

Jumamosi moja jioni ujumbe ulitokea kwenye runinga kwamba kuna sasisho la programu ya ndani ya deki, nikabonyeza kukubali. Programu hiyo imehifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu, na ndiyo inayoamua leza isomeje diski na sauti itoke kwa mfumo gani. Kusasishwa kwake si anasa. Filamu za Blu-ray hufungwa kwa mfumo wa funguo za siri unaoitwa AACS, na kwa kuwa funguo hizo hubadilishwa kadiri muda unavyokwenda, deki isiyosasishwa kabisa inaweza siku moja kukataa filamu mpya uliyoinunua kwa halali. Nilikubali kwa nia njema, nikasubiri kama dakika nane, deki ikajizima na kujiwasha.

Usiku huohuo matatizo mawili yalijitokeza. Kwanza, baadhi ya filamu zilionyesha picha bila sauti. Pili, diski za harusi, moja baada ya nyingine, zilizunguka kwa nusu dakika kisha runinga ikaandika kwamba diski haitambuliki.

Tatizo la sauti nililimaliza kwa siku moja. Niligundua kwamba filamu zilizokuwa bubu zote zilikuwa na sauti ya mfumo wa DTS, ilhali zenye sauti ya Dolby zilisikika vizuri. Sasisho lilikuwa limefuta mipangilio yangu na kurudisha ile ya kiwandani, ambayo huipeleka sauti kama ilivyo kwenye diski na kuiachia runinga kazi ya kuifumbua. Runinga yangu, kama zilivyo nyingi, haiwezi kuifumbua sauti ya DTS. Niliingia kwenye menyu, sehemu ya sauti, nikabadilisha toleo la kidijitali kutoka Bitstream kwenda PCM, ili deki yenyewe ifumbue sauti kabla ya kuipitisha kwenye waya wa HDMI, na sauti ikarudi papo hapo. Mtu ambaye deki yake imekuwa bubu baada ya sasisho aanzie hapo kabla ya kununua waya mpya.

Tatizo la diski lilinichukua wiki saba.

Nilianza na hatua za kawaida. Niliichomoa deki kwenye soketi kwa robo saa nzima, kwa sababu kuizima kwa rimoti huiacha ikiwa imelala tu na kumbukumbu ya muda haisafishiki. Nilifuta data ambazo diski za Blu-ray huziacha ndani ya mashine, kisha nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Hali haikubadilika. Ndipo nilipoketi na daftari nikajaribu diski kwa aina zake. CD ilisomeka, DVD za filamu za dukani zilisomeka, Blu-ray zilisomeka, na zilizokataliwa ni zilizochomwa peke yake. Jaribio hili lina maana kubwa, kwa kuwa kila aina ya diski husomwa kwa mwanga wake: CD kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa 650, na Blu-ray kwa 405. Deki ikisoma CD na DVD ikakataa kila Blu-ray, unaanza kuishuku leza ya buluu au funguo. Yangu ilikuwa inasoma DVD kwa leza ileile ambayo ilishindwa kusoma DVD nyingine.

Nilipoipeleka kwa wakala wa huduma, kijana wa mapokezi aliniambia, bila kuifungua, kwamba lenzi imekwisha na kuibadilisha ni shilingi 85,000. Nataka kumtendea haki. DVD ya kiwandani ina mashimo madogo yaliyogandamizwa na kufunikwa kwa alumini, ilhali diski iliyochomwa hutumia rangi maalumu inayorudisha mwanga hafifu zaidi, na rangi hiyo hufifia kwa miaka. Leza ikianza kuchoka, diski zilizochomwa ndizo za kwanza kukataliwa. Dhana yake ilikuwa na msingi. Kosa lake ni kwamba nilimweleza waziwazi kuwa diski hizo zilisomeka Ijumaa, sasisho likaingia Jumamosi, na mipangilio ya sauti ikabadilika saa ileile, naye hakuandika hata neno moja la maelezo hayo kwenye fomu.

Aliyenipa jibu ni fundi mmoja wa mtaa wa pili kutoka kwangu, mzee mwenye meza iliyojaa vifuniko vya redio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, kabla ya sasisho ilikuwa inakwamakwama?" Nikamjibu kwamba haikuwahi. Akafungua kifuniko, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, akajaribu, ikakataa. Kisha akatoa kifaa kizima cha lenzi kwenye deki mbovu ya aina hiyohiyo aliyokuwa nayo stoo, ambayo ilikufa kwa shoti ya umeme lakini lenzi yake ilikuwa bado nzima, akakifunga kwenye yangu. Diski ya harusi ilizunguka, ikakataliwa vilevile. Akanirudishia lenzi yangu ya awali mahali pake, akasema ugonjwa uko kwenye programu na yeye hana dawa yake, na akanitoza shilingi 10,000 tu. Tathmini ya uaminifu kama huo siwezi kuipunguza hata nyota moja.

Nikaandika barua pepe kwa mtengenezaji, nikieleza toleo la programu, aina za diski na jaribio la fundi. Jibu la kwanza lilinitaka nizime deki na kuiwasha. La pili lilikiri kwamba kuna toleo jipya linalorekebisha usomaji wa diski zilizochomwa, lakini halisambazwi kupitia intaneti ya deki. Lazima ulipakue kwenye kompyuta na kuliingiza kwa flashi. Nilipouliza kama naweza kurudi kwenye toleo la zamani, niliambiwa deki hairuhusu. Hapo ndipo kosa kubwa la bidhaa hii lilipo. Mashine inayoweza kubadilishwa kutoka mbali bila njia ya kurudi nyuma inamwacha mnunuzi mikononi mwa mtu asiyemjua. Wala si mashaka ya kubuni: mwezi Juni 2020 deki nyingi za Blu-ray za Samsung zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe bila kukoma, na wenye nazo wakalazimika kuzirudisha kwa kampuni zikatengenezwe.

Maelekezo ya kuingiza sasisho kwa flashi yalikuwa na mistari minne, na yaliacha mambo mawili yaliyonipotezea siku mbili. Flashi yangu ilikuwa na umbizo, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili, la NTFS, na deki haikuiona kabisa mpaka nilipoiumbiza upya kwa FAT32. Halafu faili lililopakuliwa hufika likiwa limefungashwa. Ukiliweka hivyo hivyo deki itasema hakuna sasisho. Ni lazima ulifungue kwenye kompyuta, na folda linalotoka lisibadilishwe jina hata herufi moja. La tatu ni letu sisi wa huku: umeme ukikatika katikati ya kuandika programu, deki inaweza isiwake tena. Niliazima UPS, yaani betri inayoendelea kutoa umeme unapokatika, ya ofisini kwa shemeji, nikaifanya kazi hiyo saa nne usiku, nikakaa mbele ya deki nikiitazama asilimia ikipanda kwenye kioo chake kidogo, na sikugusa kitu mpaka ilipojizima na kujiwasha yenyewe.

Diski ya dada yangu ilisomeka kwa sekunde kumi na mbili. Nilizijaribu zote thelathini na nne, zikakubali thelathini na tatu. Iliyobaki ina mkwaruzo unaoonekana kwa macho. Nimezinakili kwenye diski kuu ya nje, kazi ambayo ningepaswa kuifanya zamani. Nimezima sasisho la moja kwa moja kwenye menyu, nimepiga picha kurasa zote za mipangilio kwa simu, na chini ya deki nimebandika karatasi yenye namba ya toleo na tarehe.

Anayetaka kuinunua aitazame kwa macho hayo. Kwa picha, sauti na uimara ninaipa nyota tano. Kwa sasisho na huduma yake, nyota moja. Kwa jumla naiacha na nyota tatu, na ya nne nitaiongeza siku mtengenezaji atakaporuhusu kurudi kwenye toleo la zamani na kulitoa sasisho la marekebisho kwa njia ileile aliyotumia kutuletea lile bovu.