Siku tatu ndani ya kampingikari, Lubumbashi hadi Likasi

Nianze na jambo ambalo mwenye kampingikari, gari lenye nyumba ndani, hakutuambia: friji yake haipozi kitu gari likiegeshwa mahali penye mteremko. Na Likasi, kwa wasioijua, ni mji wa vilima.

Tulilikodi mwezi wa saba, siku tatu, sisi wanawake wanne tuliomaliza sekondari Likasi mwaka 1991 na sasa tuko Lubumbashi: mmoja Katuba, mmoja Kamalondo, mmoja Ruashi, na mimi Bel-Air. Wa tano alikuwa anatoka Mbuji-Mayi. Yeye na wazazi wake waliondoka Likasi kwa treni mwaka 1993, wakati Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipokuwa wanafukuzwa Katanga, na hakuwa amerudi hata mara moja. Sherehe ilikuwa yake. Ndiyo maana hatukutaka hoteli, kila mtu na chumba chake na ufunguo wake. Tulitaka kulala mahali pamoja, tusikie nani anakoroma.

Gari lenyewe lilitoka Ulaya likiwa limeshatumika. Ndani kuna meza na viti viwili virefu vinavyogeuka kitanda, kitanda kingine juu ya kichwa cha shofere, kingine nyuma, jiko la gesi la mafiga mawili, beseni la vyombo, na kijumba chenye choo na bomba la kuogea ambacho mtu wa mwili wangu anaingia kinyumenyume. Juu ya paa kuna sola, chini tangi la maji la lita 100. Dola 180 kwa siku, mazutu (dizeli) juu yetu, na shofere ni lazima awe wake. Tukigawana wanne si ghali sana, lakini nafasi za kulala zilizotajwa ni za watu wanne na hakuna aliyejiuliza shofere atalala wapi.

Kijana ana adabu, nampa nyota zote. Usiku wa kwanza alilala kwenye kiti chake cha mbele, pazia katikati. Basi hapo choo kikawa hakina kazi. Yule wa Ruashi alisema wazi kwamba hawezi kukaa mle huku mtoto wa watu anasikia kila kitu, na sote tukamfuata, tukawa tunatoka na baridi ya mwezi wa saba kwenda choo cha uani. Kesho yake kijana mwenyewe akaniita pembeni: "Mama, mimi nitalala na vijana wa hapa ndani. Ninyi hamulalaki."

Barabara ni lami, kilomita kama 120, na kampingikari inatulia vizuri kuliko nilivyodhani, isipokuwa lori la shaba linapopishana nawe. Hapo nyumba nzima inayumba na vikombe vinaimba kabatini. Kwenye peaje, pale panapolipiwa barabara, mtoza pesa alitoka kwenye kibanda chake, akalizunguka gari mara mbili. "Hii ni kamio ao ni mutuka ndogo?" Akaita mwenzake, mwenzake akachungulia dirishani, akatuona tumeketi mezani tunamenya karanga. Tukalipa ya gari dogo, wakatuomba karanga. Darajani Lufira tulipunguza mwendo tu. Baba yangu hakupita pale bila kusimulia vita vya 1961 kati ya askari wa Katanga na wa Umoja wa Mataifa, na wanangu nao wanajua kwamba nikifika pale nitamtaja babu yao.

Tuliegesha kwa yaya, yaani ndugu mkubwa, wa yule wa Kamalondo. Kabla hatujaingia uani, tawi la mwembe wa jirani lilikwangua paa, maana gari lina kimo cha karibu mita tatu na hakuna aliyeangalia juu. Ua wenyewe umeinama kidogo, kama nyua zote za mtaa ule. Jioni nikafungua friji kutoa nyama ya mbuzi kilo nne, nikaikuta vuguvugu. Mume wa rafiki yangu wa Ruashi ni fundi wa friji, tukampigia simu, akacheka. Friji hizi za gesi, alisema, hazina mota ya kusukuma. Dawa iliyo ndani inashuka yenyewe kwa uzito wake, na ukiiinamisha inakwama njiani. Asubuhi tukatafuta mbao, kijana akapandisha magurudumu mawili ya upande wa chini, tukaweka bilauri ya maji mezani mpaka maji yakakaa sawa. Kufika alasiri barafu ikaanza kushika. Saa moja baadaye gesi ikaisha.

Hapa ndipo ninapomlaumu mwenye gari kweli. Chupa ni ya Ulaya, na kichwa cha mpira wa gesi hakiingii kwenye chupa zinazouzwa kwetu. Gesi ikiisha, imeisha. Mtu anayekodisha gari hili Katanga angekuwa ameshabadilisha kile kichwa kabla ya kitu kingine chochote. Si kwamba tulikosa chakula. Jiko lile hata likiwa na gesi huwezi kusonga bukari, ugali wetu, juu yake: ukikandamiza mwiko sufuria inakimbia, vyuma vinalia, unahisi utalipindua gari. Tulitoa mbabula (majiko ya makaa) mbili nje, bukari ikasongwa chini mahali pake, michopo ya mbuzi ikachomwa, bia za Simba zikapoa kwenye beseni la maji ya baridi ile ile.

Usiku wa Jumamosi umeme ukakatika mtaa mzima. Ikawa sisi tu wenye taa. Watoto wa majirani walileta simu kuchaji, wakafuata mama zao, na ndani ya eneo la watu wanne nilihesabu watu kumi na mmoja, mmoja ameketi kwenye ngazi na sahani magotini. Yule wa Mbuji-Mayi alikuwa kwenye kona ya meza, na kila aliyeingia alimwangalia kwanza, kisha akataja jina lake la shule. Saa nane ya usiku betri ikaanza kulia pii-pii-pii na hakuna aliyejua pa kuizima. Kijana aliamshwa.

Jumapili asubuhi yule wa Mbuji-Mayi alituomba tumpeleke kituo cha treni. Dirisha la mezani ni kubwa, na kipazia chake kinateleza vizuri. Hilo niliandike kama sifa ya gari. Kijana aliegesha upande wa barabara. Rafiki yetu hakushuka. Alivuta kipazia, akatazama dakika kama kumi, sisi tumeshika vikombe vya chai bila kunywa, kisha akasema, "Haya, twende," na akakirudisha kipazia mwenyewe, akakinyoosha mikunjo.

Mkataba unakataza kubeba samaki na makala, yaani mkaa. Aliyeuandika hajawahi kurudi Lubumbashi kutoka Likasi na wanawake wanne. Samaki wa Kapolowe tulinunua, tukawafunga ndani ya mifuko mitatu na kuwaweka kwenye friji iliyozimika. Gunia la makala, dola chache kuliko mjini, halikuingia popote ila kwenye kijumba cha bomba la kuogea ambacho hakuna aliyekitumia siku tatu nzima, na mle lilikaa sawasawa kama limepimiwa.

Mwenye gari nampa nyota tatu kati ya tano. Alikata dola 25 za tawi la mwembe na 10 za kuosha bafu, akashangaa sana kwa nini maji yake yanatoka meusi.