Aplikesheni ya majibu ya hospitali, nimeitumia na mama miezi minne

Hospitali siitaji, ni ya private hapa Dar, mama anakuja toka Tanga kila miezi mitatu kliniki ya sukari. Safari iliyopita wakatuambia majibu siku hizi yanaingia kwenye simu, pakua aplikesheni, weka namba ya faili, kazi kwisha. Wapi! Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyoandikishwa na laini yenyewe ipo kwenye kitochi cha mama, mimi niko Mbezi yeye kesharudi Tanga, basi ananisomea tarakimu moja moja, "nne... sita... ngoja nivae miwani", akifika ya mwisho muda ushaisha. Tumerudia mara tano.

Ila ukishaingia raha. Sukari ya miezi mitatu, ile wanayoandika HbA1c, imeshuka toka 9.1 mpaka 7.4 na majibu ya nyuma yapo hapohapo chini, unalinganisha mwenyewe bila kumbembeleza mtu wa masjala akutafutie faili. Daktari wa kule Tanga alitaka vipimo vyote vianze upya, nikamrushia PDF WhatsApp, akarudia kimoja tu.

Shida majibu yanakuja makavu. Pembeni ya kreatinini kulikuwa na herufi H nyekundu, maelezo hakuna, mama akaamua mwenyewe kwamba H ni Hatari na usiku ule hakulala. Kumbe maana yake kipimo kimepita kiwango, kinaangalia figo, na daktari tulivyompata kesho yake akasema imezidi kidogo sana, arudie baada ya wiki mbili. Sasa huo mstari mmoja wa Kiswahili wangeuandika wangepungukiwa nini?

X-ray nayo picha huioni, unasoma ripoti tu. Nikaenda kuomba, dada wa mapokezi akanambia hizo ni mali ya hospitali. Nikamwambia dada yangu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, mtu ana haki ya kupata taarifa zake. Akaingia ndani, akatoka na CD. Laptop yangu haina hata pa kuichomekea.

Nyota 3 kati ya 5, wakiruhusu namba iende laini mbili naongeza ya nne. Mama yeye bado anadai karatasi, kila PDF naenda kuiprinti stationery, anaikunja anaitia kwenye mfuko wa rambo pamoja na kadi zake za kliniki.