TAHADHARI: Wakala anayeuza mtumbwi wa Angel Falls wakati wa kiangazi

Jamani, kama unajiandaa kwenda Venezuela kuona Angel Falls, soma hapa kabla hujatuma hela.

Kuna wakala mtandaoni anauza "siku tatu kwa mtumbwi hadi chini ya maporomoko" mwaka mzima. Nilimlipa yote kwa mkupuo, safari ya Machi. Nilimuuliza kabisa: Machi mto una maji? Akajibu, "Yapo tele, usijali."

Canaima, kijiji ambako safari ya mtumbwi huanzia, haifikiki kwa barabara; tulipanda kandege kutoka Ciudad Bolívar. Ukishatua, huna pa kukimbilia, na hapo ndipo walipotungojea. Mtu wake akasema mto umepungua, mtumbwi haupiti, ila tukiongeza dola 150 kila mmoja, taslimu, tutayaona kwa ndege. Na hela ya mtumbwi? "Hairudi, ni hali ya hewa."

Hali ya hewa gani! Nilimwonyesha risiti nahodha mmoja wa Kipemon, wenyeji wa huko, pale ukingoni. Akasoma tarehe, akacheka, akaninyooshea kidole alama ya maji kwenye mwamba, juu kuliko kichwa changu. Mtumbwi wake ulikuwa umelalia kokoto. Kumbe miezi ya kwanza ya mwaka mto Churún hukauka hivyo karibu kila mara. Mitumbwi hupita vizuri kuanzia Juni hadi Novemba hivi. Mwenye biashara hiyo hawezi kusema hakujua.

Ndege nilipanda, nakiri. Mita 979 za maporomoko, na kiangazi yamebaki uzi. Auyán-tepui, mlima ambao maji huangukia kutoka juu yake, ulikuwa umejitanda wingu. Rubani alizunguka mara mbili, simlaumu. Jimmie Angel, rubani ambaye maporomoko yamepewa jina lake, ndege yake ilikwama juu ya mlima huo mwaka 1937, akashuka kwa miguu siku 11. Mimi nilikwama kwa wakala.

Angalieni na picha zake. Ile ya watu wanaopita nyuma ya pazia la maji si Angel Falls, ni Salto El Sapo, hapo hapo karibu na Canaima. Akikutumia hiyo, achana naye. Mwingine yeyote, mwambie aandike mto ukipungua hela inarudi vipi, na umlipe sehemu tu.

Nimemwandikia mara nne. Ya nne aliisoma, halafu akanibloku. Tangazo bado lipo. Sasa lina punguzo la Februari.