Kijana kabebwa na polisi wa ugaidi: kotini au IPOA?

Pale barazani Majengo, Mombasa, kahawa na kashata mkononi, swali hili haliishi: akibebwa mtu wenu, ukimbilie wapi kwanza, kotini au IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi Kenya?

Kwa haraka, kotini. Katiba yasema afikishwe ndani ya saa 24, na ile amri ya kumleta mtu mbele ya jaji haiguswi hata na sheria ya ugaidi ya 2012, ingawa jaji aweza kuwapa polisi muda zaidi. Lakini wakili ataka pesa, halafu polisi wakijibu tu "huyo hatunaye" mama mtu abaki kwenye benchi na kitambulisho cha mwanawe mkononi.

IPOA ni bure, andikisha OB (kile kitabu cha matukio kituoni) upeleke malalamiko, ila wao wachunguza polisi, seli hawakufungulii, na faili mpaka ifike kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, basi subira.

Kwa mashirika koti yashinda bila ubishi: Haki Africa na Muhuri, watetezi wa haki za binadamu, walifungiwa akaunti za benki 2015 kwa tuhuma za ugaidi, Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa ikaamuru zifunguliwe Novemba mwaka huo.

Hajaonekana? Kotini. Karudi na majeraha? P3 kwanza, ile fomu ya polisi ajazayo daktari, kisha IPOA.