Nani akuoshee zulia Dar es Salaam: tumewapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho

Anayetaka kukuoshea zulia usianze kumuuliza bei wala sabuni. Muulize litakaushwa wapi, na kwa muda gani. Kuosha hakumshindi mtu: maji yapo, sabuni ipo, brashi ipo. Kukausha ndiko kunakotenganisha wanaoijua kazi na wanaobahatisha, hasa katika mji kama Dar es Salaam ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei yanaweza kuliacha zulia likining'inia bichi ukutani siku nne. Zulia likishinda na maji saa 24 hadi 48, ukungu huanza kuota kwenye mgongo wake, upande usiouona. Juu linanukia sabuni, chini linaoza. Mtoto mwenye pumu ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupa taarifa, kwa kukohoa usiku.

Ndiyo maana tumewapanga waoshaji kwa uwezo wao wa kukausha. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwanza lijue zulia lako

Mazulia mengi ya sebuleni ni ya kiwandani, yakiwemo yale ya Uturuki, na nyuzi zake ni za plastiki: polipropilini au poliesta. Nyuzi hizi hazinywi maji. Maji hujificha katikati yake na kwenye mgongo wa juti au gundi, ndiyo maana juu unagusa pakavu na chini pamelowa. Mazulia ya aina hii yanavumilia kuoshwa mara nyingi, mradi gundi isiachwe ndani ya maji muda mrefu.

Ya sufu ni jambo lingine. Nyumba nyingi za pwani zina zulia la sufu lililoletwa na ndugu kutoka Oman, Dubai au Iran, na aghalabu ndicho kitu cha thamani kuliko vyote sebuleni. Sufu hunywa maji na kuwa nzito mno. Jiki huiyeyusha kabisa, na sabuni kali ya unga huichakaza. Kama huna uhakika, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti juu ya sahani: sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki jivu la kusagika, ilhali plastiki inayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Kisha kuna yale yanayong'aa na kuteleza kama hariri, muuzaji akakwambia ni hariri kweli. Mengi ni viskosi, nyuzi za kiwandani zinazoiga hariri. Nyuzi za viskosi hudhoofika zikilowa na huweza kugeuka manjano zikikauka. Fundi asiyekuuliza hata mara moja zulia lako ni la nini, usimpe.

Bado rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kibonyeze juu ya sehemu nyekundu au ya bluu kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, zulia linachuja, na lazima umwambie muoshaji kabla halijaondoka nyumbani.

Nafasi ya kwanza: karakana ya mazulia

Hapa tunazungumzia sehemu ambayo kazi yake ni mazulia, si ile inayopokea na mazulia. Wanakuja kulichukua kwa kirikuu, wanaliosha kwao, wanalirudisha. Kama zulia lako halijabandikwa sakafuni, hakuna anayemkaribia huyu, na ukifuatilia kazi yake kutoka mwanzo utaona kwa nini.

Karakana nzuri haigusi maji mwanzoni. Zulia hulazwa kifudifudi na kupigwa mgongoni kwa mashine ya mtikisiko mpaka vumbi litoke. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mkavu: mchanga, vumbi la barabarani, nywele, ngozi ya mwili. Ukipata nafasi ya kwenda kushuhudia, angalia sakafuni likishanyanyuliwa. Utakuta mchanga mwembamba umelala kwa umbo la zulia zima, hata la nyumba inayofagiliwa kila siku. Mchanga huo ukimwagiwa maji kabla ya kutolewa, unageuka tope na kushuka kwenye shina la nyuzi, na kila mnapokanyaga unazikata kidogokidogo. Anayeruka hatua hii ameharibu kazi kabla ya kuianza.

Baada ya hapo sabuni, brashi ya kuzunguka, kisha kusuuza. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai. Kusuuza kumekwisha pale maji yanapotoka meupe na hayana povu, basi. Sabuni ikibaki kwenye nyuzi hukauka na kunata, na zulia huchafuka upya upesi kuliko kabla halijaoshwa. Ukiwahi kusikia mtu akilalamika kwamba zulia lake likishaoshwa linachafuka haraka, tatizo ni hilo.

Hayo maji nayo yaulizie. Sehemu nyingi za Dar zinatumia visima vyenye maji ya chumvi. Chumvi ikikaukia ndani ya zulia huvuta unyevu wa hewani, na zulia linabaki na ubaridi wa kunata ambao hauishi hata kwa jua la Februari. Karakana makini inasuuza mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba au ya tenki la mvua. Ukiuliza wakakwepa, umeshajibiwa.

Sasa tunafika kwenye kile kinachoipa karakana nafasi ya kwanza: mashine ya kukamua. Ni pipa refu la chuma, zulia linaviringishwa na kuingizwa lote, linazungushwa kwa kasi, na maji yanachuruzika kwa nguvu upande wa pili. Dakika chache tu, na zulia lililokuwa likibebwa na wanaume wanne linabebwa na wawili. Likitoka hapo linatundikwa kwenye chanja ndani ya chumba chenye feni, na linaweza kukauka kwa siku moja hata mvua ikinyesha nje. Karakana isiyo na mashine ya kukamua tunaishusha hadi nafasi ya tatu, hata kama ina jengo zuri na vijana waliovaa sare.

Kuna sababu nyingine kwa nyumba yenye watoto. Mkojo hauishii juu. Unashuka mpaka kwenye mgongo. Kuufikia kunahitaji maji yapite ndani ya zulia yatokee chini, na kazi hiyo haifanyiki sebuleni. Kwa familia ya Kiislamu hili ni suala la tahara pia: najisi iondoke, na maji safi yapitishwe juu yake. Waeleze waziwazi mahali palipo na mkojo, uwawekee alama ya uzi, na udai pasuuzwe kwa maji yanayotiririka. Karakana zilizozoea wateja wa pwani zitakuelewa bila maelezo marefu.

Nafasi ya pili: fundi anayekuja nyumbani na mashine

Kwa zulia lililobandikwa chumba kizima huyu ni wa kwanza, maana hakuna mwingine. Kwa zulia la kutandika ni wa pili, na tofauti si ndogo.

Mashine yake hupuliza maji ya moto yenye sabuni na kuyanyonya palepale. Wengi wanatangaza kwamba wanaosha kwa mvuke. Mara nyingi si mvuke, ni maji ya moto, na hilo halina ubaya. Ubaya ni fundi anayemwaga povu, akasugua kwa brashi, kisha akapitisha mashine ndogo ya kunyonya mara moja na kukunja waya. Maji yaliyobaki hapo yatakaa siku mbili. Mwambie mapema: ukimaliza kusuuza, pitisha ya kunyonya peke yake mara mbili au tatu, bila kumwaga maji. Kisha washa feni, fungua madirisha, na zulia likauke kabla ya siku ya pili.

Hakikisha pia anaanza na kunyonya vumbi kavu, na usisahau LUKU. Mashine ya kupasha maji inakula umeme wako, na umeme ukikatika katikati ya kazi utabaki na sebule iliyolowa. Mpe kazi asubuhi, si saa kumi jioni.

Ukimpigia fundi simu ukamuuliza litakauka lini, msikilize anavyojibu. "Usijali mama, jua likiwaka kesho unalo" ni jibu la anayetegemea bahati. Anayejua kazi atakuuliza zulia ni nene kiasi gani, nyumba ina feni ngapi, na uko ghorofa ya ngapi.

Nafasi ya tatu: dobi wa mashine

Anafaa kwa vizulia vya chooni, vya mlangoni na miswala, vinavyoingia kwenye mashine ya kufulia na kutoka vikiwa vimekamuliwa. Akipokea zulia kubwa, muulize linaoshwa wapi. Madobi wengine hulipeleka kwa mtu mwingine na kuongeza faida yao juu, na likipotea unakosa wa kumshika.

Nafasi ya nne: wanaoosha magari

Ni rahisi na wako kila mtaa, na wengi wetu ndiko tunakokimbilia. Hatuwapendekezi kwa zulia lolote unalolipenda. Mashine ya presha iliyotengenezwa kutoa tope kwenye bampa hubandua gundi ya mgongo na kuzikata nyuzi. Zulia linalazwa kwenye sakafu ile ile yenye oili za magari. Likishaoshwa linatupwa juu ya ukuta likiwa zito kwa maji, linajikunja katikati, na alama ya mkunjo haitoki tena. Hakuna anayelikamua. Wapelekee mazulia ya mpira ya gari na kapeti la plastiki. Zulia dogo la polipropilini utaliosha vizuri zaidi mwenyewe uani mwezi Januari, kuliko kuwapa wao mwezi Aprili.

Mikeka ya ukindu na majamvi hayamo kwenye orodha hii. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, usimpe mtu aioshe kwa maji mengi.

Bei na makubaliano

Wengine wanahesabu kwa mita ya mraba, wengine kwa futi, wengine wanalitazama zulia na kutaja bei. Geuza zote ziwe mita ya mraba ndipo ulinganishe. Zulia la mita 2 kwa 3 ni mita za mraba 6. Kwa mfano, akikutajia mmoja shilingi 5,000 kwa mita na mwingine 30,000 kwa zulia zima, bei ni ile ile. Linaloitwa 5 kwa 8 ni futi, sawa na mita za mraba 3.7 hivi. Uliza kama usafiri umo ndani ya bei, na kama zulia la sufu au la manyoya marefu lina nyongeza. Kuwa na nyongeza ni halali, maana yanachukua maji na muda zaidi. Kutotajiwa mpaka siku ya kulipa si halali.

Kabla halijaondoka, lipige picha juu, chini na pembe zote nne, doa kwa doa, mbele ya anayelichukua. Pima urefu na upana. Lifungiwe kibandiko chenye jina lako, upate risiti iliyoandikwa vipimo na tarehe ya kurudishwa. Lipa nusu, nusu nyingine likirudi. Anayetaka zote kwanza, acha.

Usilitoe wiki ya mwisho ya Ramadhani wala wiki ya Krismasi. Kila nyumba inaosha, karakana zimejaa, na mazulia yanatolewa chumba cha kukaushia kabla ya wakati wake ili yapishe mengine. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuosha kwa utulivu huku pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa na Unguja. Kwa mliopo Arusha au Nairobi, Juni na Julai ni baridi na mawingu. Huko ulizia zaidi chumba cha feni kuliko jua.

Siku ya kulipokea

Usikubali wakuachie limeviringishwa mlangoni. Lifunguliwe lote. Weka kiganja mgongoni mwa zulia, katikati na si pembeni, ukitulize mpaka uhisi kama pana ubaridi. Nusa mgongo, siyo juu. Kunja pembe moja taratibu: gundi ikilia na kudondosha unga mweupe, presha au maji yameivunja. Pitisha kitambaa cheupe kilicholowa, na kama kinatoka na utelezi wa sabuni halijasuuzwa. Angalia matamvua, maana hapo ndipo wavivu hawafiki, na linganisha na picha zako.

Ukikuta ubaridi au harufu ya uvundo, usiahidiwe kwamba litamalizikia kukaukia kwako. Nusu ya pesa bado unayo mkononi. Liviringisheni, lirudi kwenye kirikuu kile kile kilicholileta, na uandikiwe tarehe mpya kwenye risiti kabla gari halijawashwa.