Kliniki ya wajawazito Kisumu: bei iko ukutani, lakini beba pesa ya skani

Jina la hii hospitali sitaji. Ni ya kibinafsi, ndogo, iko juu ya maduka sio mbali sana na Kondele, na wenye wanakaa upande huo wataulizana wataijua. Mimi niko na mimba ya miezi nane, ya pili hii, na tangu tumbo ianze kuonekana ndio nafanyia kliniki hapo, kwa hivyo haya ni maoni ya mtu anaenda, sio ya kusikia kwa jirani. Nawapa nyota nne kwa tano.

Kitu ilinifanya nibaki kwao ni ile karatasi ya bei. Ukimaliza ngazi tu iko ukutani, imeandikwa kwa herufi kubwa: kuzaa kawaida, kupasuliwa, kulala usiku moja, vipimo vya kwanza vya mama, skani, mpaka bei ya pamba. Sasa wewe uliza hospitali zingine hapa mjini kuzaa ni pesa ngapi uone. Utaambiwa "itategemea na mama". Itategemea nini jameni? Hata fundi wa gari hukupa makadirio kabla ya kufungua boneti, lakini mtu amebeba mtoto tumboni anaambiwa angoje bili itoke ndio ajue kama mzee wake atauza ng'ombe ama ataomba mkopo kwa chama.

Halafu kuna Auntie wa kaunta. Huyu mama ndio nyota mbili kati ya zile nne. Ana kauntabuku yake ya jalada jeusi, ukikaa anakufungulia ukurasa mpya, anachora mstari katikati na biro nyekundu, kushoto anaandika ya SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, kulia anaandika yako, halafu anageuza kitabu ndio usome mwenyewe. Yangu ilikuwa hivi: kuzaa kawaida kwao ni 18,000, SHA inalipa hospitali 10,000, yangu 8,000. Kupasuliwa kwao ni 55,000, SHA inalipa 30,000, yangu 25,000. Chini kabisa anaandika zenye hazimo kwa hiyo hesabu: skani, dawa za kubeba nyumbani, na mtoto akihitaji kuwekwa kwa joto ni bili ingine tofauti. Akimaliza anakuangalia juu ya miwani anakwambia, "Mama, hii ya kulia ndio uanze kuweka saa hii. Usingoje uchungu ndio utafute pesa." Hakuna kubembelezwa, hakuna kuogopeshwa, na bado anakupatia hiyo karatasi uende nayo umwonyeshe mzee.

Na hiyo ya kuelezwa bima polepole ni kitu kubwa sana saa hii kwa sababu wamama wengi bado hatujaelewa mambo yalibadilika aje. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa wakati wa Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, nilienda na kitambulisho na kitabu cha kliniki nikazaa nikarudi nyumbani, shilingi sikutoa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya zamani, ikatoka, SHA ikaingia, na Linda Mama nayo ikamezwa humo ndani ikaitwa Linda Jamii. Wengi wanafikiri ukijiandikisha na *147# basi umemaliza, uko na bima. Ukijiandikisha tu, kwa dispensari na kituo cha afya, yaani level 2 na level 3, utatibiwa bila malipo ukienda na kurudi. Lakini kulazwa na kuzaa iko upande wa ule mfuko wa kuchanga, na kama hujachanga mashine itaonyesha hujachanga hata ulie. Auntie anakagua hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hata upimwe presha. Kuna msichana alifika akiwa karibu kabisa kujifungua akidhani yuko sawa kwa sababu ako na namba ya SHA, na hapo ndio alijua. Heri alijulia kwa kaunta kuliko kitandani.

Sasa benchi. Hiyo foleni yao ni ndefu, sitawadanganya, lakini nimejifunza bima kwa hilo benchi kuliko kwa redio. Ukiweka wamama wanane wenye miguu imefura pamoja, joto la Kisumu lile la saa nne, hakuna siri inabaki. Kuna mmoja anauza omena Kibuye, akatuambia yale maswali ya simu ya kupima uwezo wa mtu ilimuuliza nyumba yake ukuta ni wa nini, mabati ama nyasi, sakafu ni simiti ama udongo, anapikia nini, choo ni cha aina gani, anafuga nini. Alijibu ukweli wote na mwishowe akaletewa 300 kwa mwezi, hiyo ndio ya chini kabisa. Akafurahi. Halafu akaambiwa mtu hana payslip analipa ya mwaka mzima mara moja, 3,600. Akasema, "Omena ya 3,600 kwa mkupuo nitaitoa ziwa gani?" Tulicheka mpaka nesi akachungulia kwa mlango. Kando yake kulikuwa na fundi wa nguo kutoka Manyatta, yeye aliletewa 560, ukizidisha mara kumi na mbili ni 6,720, na hakucheka hata kidogo. Anasema cherehani moja na nyumba ya simiti ya kukodi ndio zimemfanya aonekane tajiri. NHIF alikuwa analipa 500 kila mwezi, akikosa mwezi anakopa dada yake, na ilikuwa inaendeka.

Yule wa supamaketi ndio alitugeuza kidogo. Yeye mshahara ni 20,000 na SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, kwa hivyo anakatwa 550. Wakati wa NHIF mtu wa hiyo 20,000 alikuwa anakatwa 750. Kwa hivyo yeye amepunguziwa, na alikuwa anaona aibu kusema hivyo mbele ya wenzake wanalia. Mwenye anaumia kwa payslip ni yule wa 100,000 maana zamani alikuwa anakatwa 1,700 na sasa ni 2,750. Benchi yote ikasema huyo wa laki tutamwombea.

Kulikuwa pia na mmoja amevaa vizuri, amekuja na gari, akasema yeye hana shida, ameshanunua bima ya kampuni. Auntie akamuuliza tu, ulinunua lini? Alikuwa amenunua akiwa tayari na mimba. Bima nyingi za kampuni, upande wa uzazi, unangoja karibu miezi kumi ama mwaka kabla ianze kukulipia, kwa hivyo ukiingia ukiwa mzito hiyo mimba umeshachelewa, labda inayofuata. Agenti alimuuzia na tabasamu yote na hiyo sehemu hakuisoma kwa sauti. Dada alitoka nje kupiga simu akarudi amenyamaza, mama omena akamsogezea nafasi akae.

Niende kwa huduma yenyewe. Nesi wa kliniki ni mzuri, mikono yake si baridi, na anaongea na wewe, sio juu yako. Anakupima uzito na presha, anapima tumbo na utepe, anakusikilizisha moyo wa mtoto na ile mashine ndogo, ukiwa na maswali anajibu. Ile dawa ya kuzuia malaria unameza hapo hapo mbele yake, hii ni Kisumu, mbu hawana likizo. Neti wakati mwingine wanakosa, wanakutuma dispensari ya serikali uchukue ya bure na kitabu chako, na hiyo sioni kama ni kosa kubwa. Kitu ilinishangaza ni ule ukurasa wa mpango wa kujifungua kwa kitabu cha kliniki, ule wengi hukaa tupu mpaka mtoto anazaliwa. Huyu anaujaza na wewe. Nani atakusindikiza, nani atabaki na mtoto mkubwa, nani wa kutoa damu ikihitajika, na usiku wa manane ukishikwa ni tuktuk ya nani utaita, lete namba. Nilikuwa sina namba. Alinituma nje kwa stage niitafute kabla aendelee, nikarudi na namba za wawili.

Odowa, yale mawe ya kula, hapo hutoki nayo. Nesi akiona ulimi ni mweupe anakuuliza umekula mawe leo, na sisi wote tuko nayo kwa mkoba imefungwa kwa gazeti. Mimi damu ilikuwa chini kidogo, akanieleza odowa inasumbua madini ya damu kuingia mwilini, akaniongezea vidonge, akaniambia nikule mboga za kienyeji, maini na hiyo omena ya jirani yangu. Nimepunguza. Kuacha kabisa sijaacha, harufu ya mvua ya kwanza ikinipata naweza kula ukuta.

Kingine cha kuwasifu, hawang'ang'anii mteja. Waliniambia wazi presha ikipanda ama mtoto akikaa vibaya watanituma Russia, yaani ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi, mapema, kwa sababu huko ndio kuna wataalamu na damu na vitanda vya watoto wadogo. Mwenye alikuwa na mapacha walimwandikia barua ya kwenda mapema, hakungojwa mpaka uchungu. Kuna pahali zingine watakushikilia wahesabu zile 30,000 za SHA kwanza.

Haya, ile nyota niliyokata. Nusu ni ngazi na choo. Kliniki iko juu, wodi na thieta ziko chini kwa nyuma, kwa hivyo mjamzito ndio anapanda na daktari ndio yuko chini. Nani alichora hiyo nyumba? Na choo pia kiko chini, nyuma ya duka la hadwea. Unapewa kichupa cha mkojo juu, unashuka ngazi, unapita mbele ya vijana wa boda, unarudi na kichupa chako umekificha kwa leso kama mtu ameiba, unapanda tena. Nimewaambia waweke kimoja juu. Wakasema wameskia. Wameskia tangu mvua ya masika.

Nusu ingine ni skani. Jamaa wa skani si wao, anakuja mchana siku chache kwa wiki, na pesa yake ni taslimu, 1,500, SHA haihusiki na M-Pesa anasema ina makato. Risiti hakupi mpaka umwitishe, na ukiitisha anakuangalia kama umemtusi. Itisha. Picha yenyewe iko sawa, alinionyesha mtoto ananyonya kidole, kazi anajua, ni hiyo tabia ya pesa tu. Kwenye karatasi ya ukutani skani imeandikwa, lakini haijaandikwa ni pesa mkononi, na hapo ndio Auntie na biro yake nyekundu wanatuangusha kidogo, maana yeye hukwambia haimo kwa SHA lakini hakuambii usije na simu tupu.

Mashine yao ya alama za vidole pia ina visa. Siku moja ilimkataa yule fundi wa nguo vidole vyote, sindano imemtoboa miaka mingi na kufua nguo kwa sabuni ya kipande kumemaliza mistari. Nesi akampangusa na pamba ya spiriti, akampulizia, wakajaribu kidole gumba cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia, foleni yote imesimama inaangalia kama penalti. Ikashika kwa kidole cha shahada na tukapiga makofi. Lakini fikiria hiyo ikitokea saa tisa usiku na mtu yuko kwa uchungu. Nilimuuliza Auntie, akasema usiku wanakupokea kwanza, vidole baadaye, kwa hivyo mnisaidie kumkumbusha hivyo wote tukifika.

Mimi nitazalia hapo, nimeshaamua, nimeweka 6,000 kati ya ile 8,000 na mama mkwe yuko njiani kutoka Siaya na njugu na wimbi ya uji. Kwa benchi wameshaanza kunipangia jina, usiku ni Atieno, asubuhi Akinyi, mvua ikinyesha Akoth, na mama omena anasema mashine ikikataa vidole tumwite Atieno Taslimu.

Mkienda, Jumatatu epukeni, kila mtu huja Jumatatu. Katikati ya wiki kabla ya saa mbili asubuhi utatoka mapema. Beba kitambulisho, kitabu cha kliniki na 1,500 ya noti kama ni siku ya skani, na ufunguo wa choo uko kwa soja, usiupandie ngazi kuuliza nesi.